Mama Vifungo Aiaga Ofisi ya Vitu vya Angani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ndani ya sare, Afisa Mteule wetu mpendwa atakabidhi funguo za chumba cha mwisho ghorofa ya pili, kile chenye kibao cha "Uchunguzi wa Vitu Visivyotambulika Angani". Wenye maneno yao kambini hukiita ofisi ya majini. Yeye hajawahi kununa. Alichojali ni kwamba mgeni akifika apate kiti, chai, na mtu wa kumsikiliza bila kucheka.

Alianza jeshini kama karani wa mawasiliano, akaletwa huku kwa muda mfupi tu kushika nafasi ya mwenzake aliyekwenda likizo ya uzazi. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ana ndevu, na hakuna aliyekumbuka kumrudisha Mama Vifungo alikotoka.

Jina hilo amelipata kwa mbinu yake mwenyewe. Watu wakiulizwa ukubwa wa kitu walichokiona juu, wengi husema kilikuwa kama nyumba, na hapo uchunguzi umekwama. Yeye akaja na kopo la vifungo: vya shati, vya koti, vya sare. Shahidi ananyoosha mkono, anafumba jicho moja, anachagua kifungo ambacho kingetosha kukiziba kitu chake. Kwa vifungo hivyo ametambua sayari, helikopta, taa za uwanja wa mpira, na tiara moja ya watoto iliyowatoa jasho marubani wawili. Aliposhindwa aliandika "hatujui", akatia sahihi, akaenda kula chakula chake kwa amani.

Lakini kisa ambacho hatuchoki kukisimulia ni cha dereva wa basi la shule. Asubuhi moja, jua likichomoza, dereva huyo aliona kitu cha rangi ya fedha kikipaa nyuma ya kilima, hakina mabawa wala sauti. Akasimamisha basi, akawashusha watoto wote, akawalaza mtaroni, na mwenyewe akabaki amesimama juu yao ametanua mikono. Watoto walifurahi kupita kiasi. Wazazi walipoona zile nguo za tope hawakufurahi hata chembe. Dereva akasimamishwa kazi, na mtaa mzima ukavuma kwamba amerukwa na akili.

Alifika ofisini kwetu ameshika kofia kwa mikono miwili. Alitaka mtu mmoja tu aseme kwamba ana akili timamu. Hata mkewe alikuwa ameanza kuzungumza naye polepole kama mtu anavyozungumza na mgonjwa, na hilo lilimuuma kuliko kukosa kazi.

Akachagua kifungo cha koti. Mama Vifungo akapiga hesabu zake, akatoka, akavuka uwanja wa gwaride, akagonga mlango wa idara ya hali ya hewa. Kitu chenyewe kilikuwa puto letu wenyewe, jipya, linalorushwa kila Jumatatu asubuhi!

Kamanda wa wakati huo hakutaka kusikia. Wachunguzi wa anga wasilijue puto la jirani yao? Si tutachekwa mpaka basi? Akaagiza iandikwe kwamba dereva alikuwa na usingizi. Mama Vifungo akapiga saluti, akakataa kutia sahihi. Badala yake alimwomba mkuu wake aje Jumatatu kukagua kituo cha ulinzi kule barabarani. Jua lilipochomoza, puto likapaa. Kamanda akanyakua redio, akatangaza kwamba kuna kitu kinang'aa, hakina mabawa, kila mtu ajikinge, kisha akaruka mtaroni. Mama Vifungo akachuchumaa pembeni yake na kumuuliza, kwa heshima zote, kama usiku alilala vizuri. Barua ya kumsafisha dereva ilitoka kabla ya chai ya saa nne.

Wengi wetu tungejipongeza na kuishia hapo. Siku dereva aliporudi kazini, wazazi walikuwa wameshaisoma barua, lakini walisimama vituoni wamewashika watoto wao mikono, na hakuna aliyemwachia wake. Basi likaondoka kituo cha kwanza tupu, na cha pili tupu. Kituo cha tatu alisimama Mama Vifungo ndani ya sare kamili, pamoja na binti yake wa pekee, wakati huo yuko darasa la kwanza. Akampandisha, akamkalisha nyuma ya dereva, akashuka. Akawaambia wazazi waliokuwapo kwamba mtu anayewakinga watoto wa wenzake kabla ya kujikinga mwenyewe, huyo ndiye anayemtaka ampeleke mwanawe shule. Mama mmoja akauachia mkono wa mtoto wake, kisha mwingine. Dereva aliendesha basi lile hadi alipostaafu.

Afisa wetu, tunakuombea afya, usingizi mnono, na asubuhi nyingi zisizo na paredi. Na kwa niaba ya wote walioona kitu wakaogopa kusema, pokea shukrani zetu. Uliwaheshimu kabla hujajua walichokiona.