Ua la Mwalimu Getruda

Asubuhi ile Sulle alifika kwenye benchi la kahawa la Restituta, jirani na stendi ya Mbulu, amekumbatia ndoo mpya ya bati. Ndani yake mlikuwa na ua la sebuleni, majani mapana, nusu yameshageuka njano. Kijiweni wanamwita Bingwa, maana maharage anayolima kwenye mteremko wake kule Nambis hayajawahi kumwaibisha, na jina hilo analipenda kweli. Ua si lake. Mwalimu Getruda alipokwenda likizo kwao Bukoba alizipita nyumba zote za majirani, akamkabidhi yeye. Leo mwalimu anarudi, na ni aibu iliyoje kwa Sulle kumrudishia kitu kinachokufa!

— Unalinyima maji, akasema Hermani, anayeitwa Daktari kwa sababu anawachoma sindano ng'ombe wa watu.

— Mimi? Asubuhi jagi, jioni jagi! Na samadi juu yake. Hata wanangu sikuwatunza hivyo.

— Basi ni minyoo. Robo kidonge cha ndama, kesho linasimama.

— Minyoo wapi! akadakia Basili, ambaye ni Redio, kwa kuwa hakuna habari inayompita. Limekumbuka kwao Bukoba. Limezoea joto la ziwani, wewe unalilaza na baridi yetu. Livalishe sweta.

Restituta akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Cheka tu! akasema Redio. Nimeona kwenye simu, maua yanasikia. Hili limezoea kusikia hesabu. Kwa Bingwa linasikia ng'ombe. Limeona limeshushwa darasa!

Hapo Sulle akawaka.

— Miaka thelathini nalima mteremko ule, mmea haujanishinda! Tena kopo alilonipa lilikuwa bovu, limetoboka chini, kila nikimwagilia linavuja. Nikaona aibu, mwalimu wa watu na kopo bovu. Nikanunua ndoo hii, nzima kabisa. Haivuji hata tone!

— Hapo umefanya la maana, akasema Daktari.

— Shikamooni, wazee.

Wakageuka. Mwalimu Getruda huyo, begi begani, basi limewahi. Walipokwisha kuitikia marahaba, akainama, akachokoa udongo kwa kidole. Kidole kikatoka na tope. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya darasani:

— Na maji yakizidi, yanatokea wapi?

Daktari akamtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake. Sulle akaelewa kwamba ua alikuwa amelizamisha mwenyewe, tena kwa mapenzi. Akaomba msumari, akaokota jiwe, akailaza ndoo yake mpya, akaitoboa chini mara tatu mbele ya kijiwe kizima. Maji meusi yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Redio.

— Mwalimu, akasema, kichwa juu, kule mteremkoni kwangu maji yanajua njia yenyewe. Sijawahi kuyafungulia mlango.

Getruda akaichukua ndoo, akaitazama, akamrudishia mikononi.

— Kaa nalo mpaka lipone, mzee Bingwa.