Evalyne Kavata, Aliyebakiwa na Kiarabu na Kiholanzi

Mchungaji, wazee, majirani wa Kitengela na ndugu zetu mliotoka Mashuru na Loitokitok, familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya Evalyne Kavata Munguti, na kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkituuliza tangu juzi ilikuwaje mama aliyejua lugha nyingi hivyo akafa bila kuelewana na watu wake, tumekubaliana yasemwe yote, hata yanayotuuma.

Evalyne alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Mashuru, mtoto wa tatu wa mzee Kyule na mama Mbeke, wakulima waliohama kutoka upande wa Makueni, akakua akiongea Kikamba nyumbani, Kimaasai na watoto wa jirani kisimani, na Kiswahili kanisani na dukani. Alisoma shule ya msingi hapo Mashuru hadi mwaka wa 1978, akaingia sekondari mjini Kajiado, lakini ukame ulipomaliza mifugo ya babake alirudi nyumbani akiwa kidato cha pili, na walimu wake walisikitika, kwa maana alikuwa na sikio la ajabu, akisikia neno mara moja limekaa.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Munguti, fundi wa kujenga kwa mawe, wakahamia Kitengela wakati bado kulikuwa na nyasi ndefu na vibanda vichache kando ya barabara, na mwaka wa 1989 Mungu akawajalia binti mmoja, Muthoki, ambaye yuko hapa mbele yetu.

Mwaka wa 1993 Munguti alianguka kutoka kwenye jengo akavunjika nyonga, na ndipo Evalyne alipokubali kwenda Muscat, Oman, kufanya kazi ya nyumba, akamwacha Muthoki akiwa na miaka minne mikononi mwa shosho Mbeke. Huko alikaa miaka mitano bila ruhusa ya kuja nyumbani hata siku moja, na alijifunza Kiarabu jikoni, akishangaa kukuta humo maneno aliyozaliwa nayo, sabuni, sahani, sukari, hata binti, kama mtu anayekutana na watu wa kwao ugenini, ila baadaye akagundua kwamba wengine kati yao walifanana kwa sura tu. Alisimulia kwamba kila jioni akianika nguo juu ya paa alikuwa akijiuliza kwa sauti, kwa Kiarabu ili mwenye nyumba asidhani anamsengenya, "Wein binti?" yaani, binti yangu yuko wapi?

Alirudi mwezi wa Juni 1998, na Muthoki, aliyekuwa na miaka tisa, alijificha nyuma ya shosho akauliza, "Huyu aunty ataenda saa ngapi?" Jambo hilo halikupona haraka, na tuseme ukweli, halikupona kabisa.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye shamba la maua la Waholanzi nje ya Kitengela, akianza kwa kukata waridi, halafu akawekwa kuwa msimamizi wa chumba cha kupanga maua, kwa sababu alikuwa ameanza kuwajibu wenye shamba kwa lugha yao. Kiholanzi, alituambia, kilimwingia kupitia koo, kwa maana ile sauti ya kukwaruza ambayo Mholanzi anaitoa akikuamkia asubuhi, yeye alikuwa tayari ameilipia jasho Muscat, na wenzake walipokuwa wakicheka kwamba lugha zote mbili ni za watu wenye kikohozi, yeye alicheka nao kisha akawaeleza tofauti. Kiarabu kinajua mara moja kama kinaongea na mwanamke au mwanamume, alisema, kinamwita huyu hivi na yule vile, lakini Kiholanzi kinajali tu kama wewe ni wa kuheshimiwa au ni wa kawaida. Kiarabu kinazaa maneno mengi kutoka mzizi mmoja, Kiholanzi kinashona maneno mawili kuwa moja, glavu inaitwa kiatu cha mkono, hospitali inaitwa nyumba ya wagonjwa, na kitenzi mara nyingi kinasukumwa hadi mwisho, hata unangoja sentensi iishe ndipo ujue kama umesifiwa au umefutwa kazi.

Kutoka mwaka wa 2002 alifundisha bure kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa letu, akina dada waliokuwa wakienda Uarabuni na wafanyakazi wa maua darasa moja, akiandika Kiarabu kutoka kulia na Kiholanzi kutoka kushoto, na Kiswahili katikati. Hata shemeji yetu Kui alifundishwa hapo kabla ya kwenda Uarabuni. Mtu mmoja hakuwahi kukanyaga darasa hilo, naye ni Muthoki, aliyemwambia mamake, "Hizo lugha ndizo zilikaa na wewe, mimi sizitaki," na Evalyne hakumlazimisha.

Tarehe 19 Agosti 2006, akiwa kazini, alishikwa na kiharusi. Alipozinduka katika hospitali moja mjini Kajiado upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na Kikamba, Kimaasai, Kiswahili na Kiingereza vilikuwa vimetoka kichwani mwake vyote, asivitamke wala asivisikie, akabaki na Kiarabu na Kiholanzi, tena vimechanganyika. Daktari alitueleza kwamba hutokea, mara chache, na kwamba hakuna anayejua kwa nini ugonjwa huchagua hiki ukaacha kile.

Tulimleta nyumbani, na kwa wiki nyingi alikuwa na maneno aliyoyarudia akimtazama Munguti machoni, "Waarom ma fi kalam?" Sisi tulisikia tulichoweza kusikia. Katika ile "ma fi" tulidhani anataka kwenda haja, tukambeba msalani mara kwa mara, yeye akilia kwa aibu, na katika ile "kalam" tulidhani anataka kalamu, Munguti akamnunulia, akaitupa ukutani. Wale aliowafundisha walikuwa wameshasafiri, au walibaki na salamu tu, na wenye shamba walikuwa wameuza wakarudi kwao.

Ndipo Munguti akamwomba Ustadh Hirsi wa msikiti wa hapa Kitengela, na Bwana Parmuat wa Isinya, aliyesomea ufugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Uholanzi, waje siku moja. Walikuja Jumapili ya tarehe 21 Januari mwaka huu. Parmuat aliingia akamsalimu kwa Kimaasai, kwa mazoea, "Takwenya, yeyo," na mama akamtazama tu, kisha Parmuat akamwamkia kwa Kiholanzi, na Evalyne akashika mkono wake asiuachilie, akatoa yale maneno yake.

"Waarom, hiyo ni mbona," Parmuat akasema. "Anauliza mbona."

"Mbona nini?" Munguti akauliza.

Ustadh akajibu, "Mbona hakuna maneno. Kalam kwa Kiarabu si kalamu, ni mazungumzo. Anauliza mbona hamuongei na yeye."

"Lakini naongea na yeye kila siku," Munguti akasema, "kutoka asubuhi mpaka alale."

Wakamuuliza, mmoja kwa lugha yake na mwingine kwa yake, naye akajibu kwamba anaona midomo yetu ikicheza lakini ni kelele tu, na kwamba amekuwa peke yake tangu alipoamka. Halafu akasema, "Wein binti?" na hilo kila mtu alilielewa, na Muthoki akapiga magoti kando ya kitanda akisema, "Niko hapa, mum, ni mimi," lakini hakueleweka, basi akamgeukia Ustadh amfundishe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaongea lugha ile, "Ana bintik, ya ummi," mimi ni binti yako, mama.

Evalyne alimtazama kwa muda mrefu, kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mtoto wa wenyewe, akatikisa kichwa. "La," akasema. "Binti saghira."

Ustadh hakutaka kutafsiri, ila Muthoki alimshikilia, naye Ustadh akamwambia: amesema hapana, binti yangu ni mdogo.

Baada ya siku hiyo Evalyne hakusema tena kwa lugha yoyote. Muthoki alijifunza kila neno ambalo Ustadh na Parmuat waliweza kumpa, akamwambia mamake asubuhi na jioni, naye aliangalia dirishani. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2007, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, akiwaacha mume, mama na binti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kajiado, majirani mliomgeuza kitandani na kumfulia, wenzake wa shamba la maua mliopokezana zamu za kumsafisha hapa nyumbani, wanafunzi wake mliokuja, na Ustadh na Bwana Parmuat, mliomfikia pale ambapo sisi hatukuweza kufika.

Evalyne Kavata, Mungu akupe amani tuliyoshindwa kukupa.