Mama Tanuri na Vipande Vilivyolala

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kwangu alikuwa dada na nusu mama, hasa upande wa makofi.

Alisoma shule ya mtaani kwetu, kisha ya bweni, akahitimu uhandisi mwaka 1983. Utotoni alivunja vikombe makusudi ili aone jinsi vinavyopasuka. Mama akanunua vya bati.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya fueli ya nyuklia, wenzake wakambandika jina Mama Tanuri kwa kutobanduka tanurini. Fueli hiyo ni vidonge vya kauri, na kauri ni bahili wa joto: katikati huwaka mno, kidonge kikapasuka. Dada alichanganya humo vipande vyembamba vya metali ili joto lipate njia ya kutoka. Alipima joto linavyopita kutoka juu kwenda chini, hakuona faida. Mtafiti mwenzake, binti ambaye dada mwenyewe alimfundisha kazi, akasema, "Mama, vipande vimelala. Tupime kwa ubavu."

"Utanifundisha kazi mimi?"

Binti akafunga virago. Hiyo ilikuwa 2009.

Miaka miwili baadaye dada alikata kidonge akakitazama kwa hadubini. Vipande vililala kama sahani kabatini, na joto lilipita vizuri kwa ubavu, huko huko linakotakiwa kutokea. Alimfuata binti hadi kwake. "Ulisema kweli, nikakunyima sikio. Nisamehe, mwanangu." Binti hakujibu. Dada alichapisha matokeo, jina la binti likitangulia, lakini ukimya ule ulimuuma mpaka uzeeni.

Aliolewa mwaka 1986 na mwalimu wa hesabu. Shemeji husema alioa mke, akaletewa na tanuri.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Mwezi uliopita binti aliingia wodini bila kuitwa, akaketi, akaanza kumkanda miguu iliyokuwa baridi.

"Mama, yamekwisha."

Dada alilia, nasi tukalia. Alifariki alfajiri ya Jumanne, usingizini.

Ameacha mume, wajukuu wanne, mimi mdogo wake, na watoto. Aliowazaa ni wawili. Lakini siku ile wodini alinishika mkono akaniagiza, "Ukisoma wasifu wangu, sema watatu."

Ni watatu, dada. Pumzika kwa amani.