Tangi Halina Upepo

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, msichana mmoja mwanafunzi alikuwa amepakata mashua ndogo ya rimoti kama mtoto mchanga. Mama aliyekaa kando yake, mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche, aliikagua bila kuombwa. "Mwanangu, hii itapinduka. Betri mmeiweka juu mno."

"Haipinduki, mama. Timu yetu imeijaribu mara kumi na tatu kwenye tangi la shule, na leo tunashindana ziwani."

"Tangi halina upepo."

Msichana alicheka. "Ndiyo maana tumeipa tumbo pana. Ikiyumba, inarudi wima yenyewe."

"Nimechomelea meli miaka ishirini. Tumbo pana bila uzito chini ni kiburi tu."

Mimi, nisiyejua hata kuogelea, niliitikia kwa kichwa. Wote wawili walinikata jicho, nikarudi kutazama dirishani.

Basi liliposimama ziwani, msichana alishuka na mashua yake. Yule mama, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, alitazama saa, akaguna, akamfuata.

"Ikizama, nani ataingia majini kuitoa?"

"Mimi," msichana alijibu bila kugeuka. "Isipozama, utakuja shuleni kutufundisha kuchomelea."