Wasifu wa Mzee Timazi, Fundi Aliyeziba Mwanya wa Maktaba

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka chuoni, poleni na jua na poleni na kusubiri. Mimi ni kifungua mimba wa marehemu. Nimemuuguza miezi kumi na minne na sauti imenikauka, kwa hiyo mnivumilie. Wasifu huu una sehemu ambayo haimo kwenye karatasi mlizogawiwa. Baba mdogo aliiondoa kabla ya kuchapisha, akasema marehemu hasemwi. Lakini marehemu mwenyewe aliniagiza niisome, na kuna mtu amekuja leo kwa ajili ya sehemu hiyo tu. Nitaisoma zamu yake ikifika.

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchonga mawe, mama yake mkulima. Alisoma hadi darasa la nane, akafaulu hesabu na kufeli karibu kila kitu kingine. Mwalimu mkuu aliandika kwenye cheti kwamba kijana huyu ana mikono. Mwaka 1967 akaanza kujifunza uashi, na kwa kuwa hakukubali ukuta upite bila kushusha timazi, ile kamba yenye chuma cha kupimia kama ukuta umenyooka, wenzake wakambandika jina hilo hilo. Hata sisi tulikua tukiitwa watoto wa Timazi.

Tarehe 2 Septemba 1969 aliajiriwa chuoni. Majengo yalikuwa mawili tu: la utawala, la mawe, lenye varanda pana na kuta nene za kuzuia joto, na bweni moja. Mengine yote aliyaona yakitoka ardhini. Aliziona maabara zenye vikinga jua vya zege madirishani. Aliuona ukumbi mkuu, ambao magogo ya kushikilia paa lake yalikaa miezi mitano kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuyang'oa. Kisha ikaja maktaba. Lile la mwisho kabisa, jipya la vioo, hakulipenda hata kidogo. Alisema, "Hilo ni kabati la vyombo. Mtu anasomaje ndani ya kabati?"

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 18 Desemba 1976. Mama husimulia kwamba siku ya posa, wazee wakizungumza, bwana harusi mtarajiwa aliangalia juu muda wote. "Nikasema masikini, aibu imemshika. Kumbe anakagua dari!" Babu alipomuuliza kama ana la kusema, akajibu, "Mzee, boriti yako ya pili imeliwa na mchwa. Msikae hapo." Wazee wazima wakahamisha viti. Wiki mbili baadaye boriti ikaanguka kweli, na babu akasema mkwe wa namna hii haachwi.

Sasa ile sehemu.

Mwaka 1973 maktaba ilijengwa kama majengo mawili yaliyosimama bega kwa bega. Katikati mchoraji wa ramani aliacha mwanya wa vidole viwili, kutoka msingi hadi paa, ili jua likiwaka kila upande upate nafasi ya kutanuka bila kumsukuma mwenzake. Fundi mkuu wakati huo alikuwa mwingine, si baba. Mwezi Juni alifiwa na mama yake, akaondoka siku tatu, akamwachia baba kazi moja: apigilie bati la kufunika mwanya ule. Baba alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna aliyemweleza mwanya ni wa nini. Alilelewa na usipoziba ufa utajenga ukuta, akaona wenzake wameacha aibu. Akauziba kwa saruji, juu hadi chini, akasawazisha vizuri, ndipo akapigilia bati. Fundi mkuu aliporudi aliona bati limenyooka, akamsifu.

Joto la Februari 1975 lilipasua ukuta wa mashariki, kuanzia kona ya dirisha la ghorofa ya pili mpaka chini. Bati likang'olewa, saruji ikaonekana. Kamati ikakaa uani, mafundi wote wamesimama, ikamuuliza fundi mkuu nani ameziba. Akasema hajui, na ni kweli hakujua. Wakamwambia, "Basi ni wewe." Alifukuzwa palepale, mbele ya vibarua wake, akaambiwa arudishe funguo. Baba alikuwa ameshika ngazi, hatua kumi kutoka pale, na hakufungua mdomo. Mwaka 1978 akapewa cheo kile kile, akakaa nacho hadi kustaafu tarehe 30 Juni 2009. Yule mzee hakupewa tena kazi ya ghorofa na mtu yeyote. Alijenga vyoo na kuziba kuta za watu hadi alipofariki mwaka 2012. Binti yake mkubwa aliacha shule akiwa kidato cha pili.

Baba alianza kuugua mapafu Agosti 2022. Vumbi la saruji, walisema madaktari, miaka arobaini ya vumbi. Tukazoea hospitali, tukazoea mtungi wa oksijeni, tukazoea kupokezana zamu. Februari mwaka huu aliniambia haya yote kwa vipande, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Nikamuuliza, "Baba, mbona hukusema alipokuwa hai?" Akajibu, "Mwaka wa kwanza niliogopa. Baadaye nikaona haya kwamba niliogopa. Siku ya kunizika, uyasome." Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimechoka kumgeuza kitandani, halafu naongezewa na hili la kubeba. Alifariki Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, saa kumi alasiri, mama akiwa amemshika mkono.

Juzi nilikwenda kwa huyo binti mkubwa wa fundi mkuu, ambaye sasa ni mshonaji, nikamweleza yote tukiwa kando ya cherehani yake. Nilidhani hilo litatosha, nisihitaji kusoma hapa. Alinisikiliza, akakata uzi, akasema, "Dada, baba yangu alifukuzwa mbele za watu. Wewe unakuja kumsafisha huku mlango umefungwa?" Nikarudi, nikaiandika sehemu hii ndani ya wasifu. Nyumbani ugomvi ukawaka. Baba mdogo akasema tutaaibika. Mama akamwambia, "Shemeji, aibu ipo tayari, imekaa kwa wenzetu miaka arobaini na minane. Irudi nyumbani."

Basi nasema mbele zenu, na mbele ya wakuu wa chuo mlioketi hapo: ukuta wa maktaba ulipasuka kwa kosa la baba yangu. Fundi mkuu hakukosa lolote. Naomba mlirekebishe hilo katika kumbukumbu zenu, na jina lake liwekwe mahali lilipofutwa.

Marehemu ameacha mke, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na mdogo wake wa kiume.

Kwa desturi, hapa ndipo ninapoomba apumzike kwa amani. Lakini mimi ni mwanawe, nikisema mimi ni rahisi mno. Dada mshonaji, uko safu ya tatu, nakuona. Neno hilo nakuachia wewe. Ukiweza, simama useme. Usipoweza, kaa, hakuna atakayekulaumu. Tutamzika hivyo hivyo.