Mkaja Nilioukaza Mno

Sogeeni wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni. Hafidh, kaa kitako. Shadya, acha kulia kwanza. Mardhiya, wewe baki hapo hapo, mkono wako usiutoe mgongoni mwangu, maana bila ya wewe na huu mkanda wa hospitali ulionifunga tumboni, siwezi kuketi wala kukohoa.

Shamba la mikarafuu la hapa Mgogoni ligaweni kwa sheria, na wewe Hafidh usijipe zaidi kwa kuwa ndiye unayelipalilia. Hilo nimelimaliza. Nimechoka, na nguvu zilizobaki nazitaka kwa jambo jengine.

Kazi yangu mnaijua. Miaka arubaini nimewafunga mkaja wanawake waliojifungua, kile kitambaa cheupe alichoniachia mama yangu, nikikaza mpaka mtu aseme basi, kisha nikiongeza kidogo, ili kizazi kirudi pahala pake. Nilisifiwa, nami nikazipenda sifa.

Mardhiya alipopasuliwa, akatolewa kizazi kwa ajili ya uvimbe, alirudi na mkanda kama huu. Muuguzi alimwambia aufunge anapoinuka na kutembea, usimbane pumzi, na akilala aulegeze. Mie nikauona mchezo. Nikauvua, nikamfunga mkaja wangu, nikamlaza, nikamwambia hainuki mpaka zitimie siku arubaini. Akaniambia, "Mama, unakaza pahala hamna kitu." Nikamwambia anyamaze, mie ndiye ninayejua. Siku ya nne mshono ukafumuka.

Alirudishwa hospitali mtoto wangu, akapona kwa rehema za Mungu, akahamia Madungu. Miaka sita hakukanyaga hapa, na miaka sita mie nikiwaambia watu kwamba huyu hana moyo wa kuvumilia. Nilisema uongo. Hata wewe Shadya uliuamini, ukamnunia dada yako.

Kisha nikapasuliwa mie. Nani alikuja? Kila asubuhi hunifunga, akapitisha vidole viwili ndani ya mkanda kuona kama napumua, akanishika tukaenda hatua tano, kesho yake kumi, mpaka nikafika uani kwa miguu yangu. Mshono umepona. Ugonjwa ndio haukutoka wote, na hilo msimlaumu mtu.

Shadya, najua unautaka mkaja. Chukua, uwafunge wanaojifungua, wala usikaze kama mie. Aliyepasuliwa usimguse mpaka umuulize Mardhiya. Nami nikifa, anioshe yeye.

Radhi zangu mnazo nyote watatu, na Mungu awape afya, awape kusikilizana... Ngojeni nipumue.

Mardhiya, mzazi ndiye anayeombwa radhi. Leo mie mzazi nakuomba wewe. Sitaki maneno, siwezi tena kuyasikia yakaniingia. Kama umenisamehe, nilaze... ulegeze mkanda.

Taratibu.

Ee, mwanangu. Sasa napumua.