Mashapo ya Bia ya Wabelgiji

Njooni karibu, wanangu. Steve, geuza hiyo simu uso chini, sitaki sauti yangu ifike kwetu Bukavu kabla sijafa. Antoinette, kaa pale ninapoiona mikono yako. Mimi baba yenu Ruphin nina akili zangu zote, pumzi tu ndiyo inayonidanganya, na leo nasema neno langu mbele ya mke wangu Amne, kwa sababu najua mnachongoja: nikishafunikwa udongo mtasema huyu mama wa Tanga, asiyetuzaa, ndiye aliyemtilia baba yetu sumu, kisha mtamtoa kwenye nyumba hii ya Umbilo na nguo zake ndani ya mfuko. Msikatae. Nimewasikia mkinong'ona kwenye ngazi.

Mnajua tulivyolelewa kwetu. Chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji, na anayekukaribisha anaonja kwanza. Sheria hiyo sikuiacha mpakani, nilikuja nayo mpaka Durban, wala sioni aibu, maana waliokuwa wepesi wa kupokea glasi nimewazika mimi. Sasa Amne ni Mwislamu, pombe haijapata kugusa ulimi wake, angeonjaje? Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yetu bia sikuipokea mkononi mwake. Chakula chake nilikula kwa sababu tulikula sahani moja. Alijua. Kiswahili changu hiki mnachokicheka ni yeye aliyekinyoosha, lakini bia nilijimiminia mwenyewe.

Halafu ikaja Jumapili ile. Antoinette ulitoka misa na chupa ya bia ya Kibelgiji uliyoinunua Westville, kizibo chake kimefungwa waya kama cha shampeni, eti baba aonje kitu kizuri kabla. Kabla ya nini, hukusema. Vidole vyangu vilishindwa na ule waya, Steve ulikuwa kwenye simu, Amne akaichukua jikoni akaifungua kwa kitambaa, akairudisha iko wazi. Akamimina mpaka tone la mwisho. Nikaona hata mimi glasi ikichafuka, wingu likipanda kutoka chini. Steve ukaruka: "Papa, usikunywe! Iko kitu ule mama ametia!" Nikakuambia, alors, onja wewe kidogo. Ukasema unaendesha gari. Antoinette, wewe uliyeinunua, ukasema umefunga, na midomo yako bado ina mafuta ya kuku. Niliwatazama wote na vraiment niliogopa, sikujua ni nani wa kumwogopa.

Amne ndiye aliyeinyanyua glasi. Alisema, "Mungu ananiona," akaileta kinywani. Nikampokonya kabla haijamgusa mdomo. Mnataka kujua kwa nini? Nampenda kuliko ninavyomshuku, basi. Nikanywa mimi.

Sikilizeni nilichoonja, maana ninyi hamkuonja. Povu lilikuwa zito, halikutaka kushuka. Harufu ilikuwa ya karafuu na ganda la chungwa, na sukari iliyoachwa motoni mpaka ikageuka kahawia. Mdomoni ilianza tamu, nikaishuku zaidi, kwa sababu kitu kikali kinachojifanya kitamu kina lake jambo. Kisha uchungu ukaja nyuma ya ulimi, kifua kikapata moto, masikio yakawaka. Nikangoja tumbo linikate. Halikunikata. Nikayanywa na mashapo, yale mliyoyaita sumu, nikayageuza mdomoni taratibu, na nikayajua: hamira. Ni ladha ya bakuli la maandazi ya Amne kabla hajayakaanga, ile ninayoamka nayo kila asubuhi. Wabelgiji wameiacha ndani ya chupa kwa makusudi. Antoinette, wewe mwenyewe ulikuja kuyasoma hayo kwenye karatasi ya chupa, kwa sauti ndogo sana.

Kwa hiyo kinachoniua ni figo, docteur aliwaambia mkiwa mmesimama wote. Nyumba hii na duka la vitenge la Umbilo Road ni vya Amne, na asiguswe. Antoinette, chukua parcelle, kile kiwanja chetu cha Kadutu kule Bukavu. Steve, chukua gari, kwa kuwa ndilo lililokuzuia kuonja. Akija mtu msibani akauliza baba alikula nini, mjibuni kwamba alikula alichopikiwa na mkewe, akashiba. Mimi sijaacha kushuku, msidhani nimelainika. Ninyi wawili bado nawashuku, na nitawashuku hata huko niendako mpaka nisikie mnamwita mama.

Eish, pumzi hii. Ngojeni kidogo.

Msinisafirishe, nizikeni hapa hapa. Inamisheni vichwa, mkono wangu umewafikia wote? Mungu awape watoto... watoto wasioziogopa sahani zenu. Awape usingizi mzuri. Na wewe Steve awape... akupe mke anayekuvumilia kama huyu alivyonivumilia mimi. Amina, semeni amina kwa sauti.

Koo limekauka. Amne, niletee maji. Hapana, Steve, kaa chini, usimfuate jikoni, mwache aende peke yake. Amne... usionje. Lete hivyo hivyo.